Asili ya Neno "Average" na Maana ya "Wastani"

Katika Mwamanyili, kata ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, pamba ni zao la biashara. Ikiwa shamba moja limetoa kilo 900, na jingine la ukubwa ule ule kilo 100, karani huandika kwamba mavuno ya wastani ni kilo 500. Hesabu ni sahihi, wala hapana mkulima aliyevuna kilo 500. Mwenye kilo 100 akisikia "mavuno ya wastani" huelewa mavuno ya kadiri, nayo ya kwake ni haba. Tofauti hiyo chanzo chake ni historia ya maneno mawili.

"Wastani" ni neno la asili ya Kiarabu, la mzizi wenye maana ya katikati. Katika Kiswahili hutaja hali: mtu wa kimo cha wastani si mrefu wala si mfupi. Kumwita hivyo hakuhitaji kujumlisha wala kugawanya.

"Average", ambalo hufasiriwa kwa neno hilo, lilipita njia nyingine. Wataalamu wengi hulirudisha kwenye neno la Kiarabu 'awar, yaani ila au dosari, lililotumiwa kwa bidhaa zilizoharibika. Wafanya biashara wa Bahari ya Kati walilipokea. Likawa avaria kwa Kitaliano, na avarie kwa Kifaransa. Waingereza wakabadili mwisho wake, likafanana na "damage".

Lilitumika katika desturi ya baharini. Chombo kikipatwa na dhoruba, na shehena ya mmoja ikatoswa ili kukiokoa, hasara haikumwelemea yeye peke yake. Mwenye chombo na wenye mali iliyosalimika waliigawana, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake. Kanuni hiyo imo katika sheria za Kirumi zilizotangazwa na Kaisari Justinian mwaka 533, na hata leo imo katika Kanuni za York na Antwerp. Kutokana na mgawanyo huo, katika karne ya 18 neno likahamia katika hesabu, likawa pia neno la sifa.

Basi "average" lilianza kwa hasara iliyogawanywa kweli. Hesabu imebakiza kugawanya, ikaacha kushirikiana. Na "wastani" halikuwa na hata kimoja. Afasiriye takwimu kwa wakulima yafaa aandike kwamba jumla ikigawanywa sawasawa kila shamba lingepata kilo 500, kisha ataje mavuno ya juu kabisa na ya chini kabisa. Hapo mwenye kilo 100 ataonekana.