Kutoka Mafuta hadi Umeme: Historia ya Usukani na Breki katika Mteremko wa Lushoto

Sehemu hii inachunguza mabadiliko ya nguvu saidizi za usukani na breki za magari, kwa kuyapima katika barabara ya Mombo hadi Lushoto. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, nayo Mombo ikawa lango la Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo. Barabara hiyo hupanda takribani mita 1,000 katika kilomita zipatazo 33, ikipitia Soni kwa kona kali. Hoja kuu ni kwamba umeme umeyaondoa mafuta katika usukani, lakini katika breki umeyabakiza.

Breki za mafuta katika magurudumu yote manne zilitumika katika magari ya Duesenberg ya Marekani mwaka 1921. Baadaye mguu wa dereva ulisaidiwa na busta inayotumia ombwe litokanalo na injini. Usukani wa mafuta uliingia sokoni mwaka 1951 kupitia Chrysler, na pampu zake kwa kawaida huzungushwa na mkanda wa injini. Hivyo basi, mifumo yote miwili iliitegemea injini, ambayo gari la umeme halina.

Kwa upande wa usukani, jawabu lilikwisha kupatikana. Mwaka 1988 Suzuki iliweka mota ya umeme katika usukani wa Cervo. Mota ya namna hiyo hutumia umeme mwingi pale tu dereva anapokata kona, ilhali pampu huzunguka muda wote. Ikizimika, usukani huwa mzito lakini gari bado huongozeka, kwa kuwa mhimili umeungana na magurudumu.

Breki zilifuata njia nyingine. Katika magari mengi ya umeme, mota imechukua nafasi ya ombwe, ila mafuta ndiyo yanayoendelea kusukuma pedi. Aidha, mota ya kuendeshea gari hupunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri. Gari la tani moja na nusu likishuka kutoka Lushoto hadi Mombo huachia nishati ya takribani uniti 4. Dereva wa gari la injini asiyetumia gia ndogo huigeuza sehemu kubwa ya nishati hiyo kuwa joto la breki. Mafuta yaliyofyonza unyevu huweza kuchemka, na pedali ikazama bila kushika. Gari la umeme huepuka sehemu ya hatari hiyo. Hata hivyo, betri iliyojazwa pomoni Lushoto haina nafasi ya kupokea umeme zaidi, na mzigo hurudi kwenye pedi na mafuta yaleyale.

Kwa hiyo, mfuatano wa tarehe za viwandani hautoshi kueleza historia hii. Katika Usambara, kuondoka kwa injini hakukumwondolea fundi wajibu wa kubadilisha mafuta ya breki kwa wakati, wala dereva wajibu wa kubakiza nafasi katika betri kabla ya kuanza kushuka.