Jambazi, Mapenzi na Toba

Zamani sinema zilikuwa bubu. Wachezaji walionekana wakifumbua vinywa, na maneno yao yakaandikwa kwenye pazia ili mtazamaji ayasome. Katika picha hizo Wamarekani walipenda sana visa vya magharibi ya nchi yao, vya farasi, bastola na majambazi. Moja ya za mwanzo, The Great Train Robbery ya mwaka 1903, ilikwisha kwa wanyang'anyi wa treni kuuawa wote. Mapenzi hayakuwamo.

Baadaye akaja mchezaji William S. Hart na jambazi wa namna nyingine: mtu muovu anayegeuka siku anapomwona mwanamke mwema. Katika Hell's Hinges, ya mwaka 1916, yeye ni Blaze Tracy, mpiga bastola anayetarajiwa kumfukuza mhubiri mgeni mjini. Anamwona dada wa mhubiri, na moyo wake unalainika papo hapo. Lakini tazama mwisho wake. Wahuni wanapolichoma kanisa na mhubiri kuuawa, Blaze anauteketeza mji kwa moto, kisha anaondoka na mpenzi wake. Je, huyo amebadilika?

Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, sinema zilikuwa zimeanza kusema na picha bubu zilikuwa zinakufa. Kisa chenyewe hakikufa. Kijana wa Igogo anakikuta leo katika kibanda cha video, kimevaa nguo mpya, mfasiri akimsimulia kwa Kiswahili.

Kosa la kisa hiki ni kwamba kinamsahau aliyeibiwa. Watu wa Usukuma hawawezi kumsahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji walishika pinde na mishale, wakajiita Sungusungu, kwa kuchoshwa na wezi wa ng'ombe. Mwambie mtu aliyeamka akakuta zizi tupu kwamba mwizi wake sasa amepata mchumba. Itamfaa nini habari hiyo?

Sasa linganisha na kisa wanachokisimulia wanahistoria wa Kiislamu. Fudhayl bin Iyadh alikuwa mnyang'anyi wa njiani kati ya Abiward na Sarakhs, huko Khurasani, naye alimpenda kijakazi mmoja. Usiku mmoja, akiparamia ukuta ili amfikie, alimsikia mtu akisoma aya ya 16 ya Suratul Hadid, inayowauliza waumini kama haujafika wakati wa nyoyo zao kunyenyekea. Akakiri kuwa umefika, akarudi. Alipojisitiri kwenye gofu alikuta wasafiri wakishauriana. Baadhi walitaka kuondoka. Wengine wakasema tungoje asubuhi, maana Fudhayl yuko njiani. Hapo akauona uovu wake kwa macho ya waliomwogopa. Akatubu, akaenda kuishi Makka, akafariki huko mwaka 187 Hijria, yaani 803.

Mwanamke alikuwamo katika kisa hiki pia, lakini siye aliyemtakasa.

Basi wewe dada unayesema, "Huyu ni mhuni, lakini nitamwoa mwenyewe nimbadilishe," usijitwishe mzigo usio wako. Usipime toba yake kwa anavyokutazama wewe. Muulize amewarudishia nini aliowadhulumu. Akiwa hana jibu, ngoja kwanza.