Nani Anautawala Mto Kagera?

Mkataba wa kugawana maji ya mpaka kati ya Tanganyika na Ruanda-Urundi ulitiwa saini London tarehe 22 Novemba 1934. Uingereza iliisemea Tanganyika, Ubelgiji ikazisemea Rwanda na Burundi. Wanaoishi kando ya maji yenyewe, kuanzia Ngara hadi Karagwe na ng'ambo ya pili, hawakuulizwa neno.

Ukiusoma leo, mkataba ule si wa kubeza. Unaelekeza kwamba maji yakichepushwa upande mmoja yarudishwe mtoni bila kupungua sana, kabla mto haujaingia nchi ya pili au haujawa mpaka. Pale ambapo mto ni mpaka, hakuna upande unaoruhusiwa kuchepusha zaidi ya nusu ya maji yanayopita wakati wa kiangazi. Anayetaka kuchepusha atoe taarifa miezi sita kabla, ili jirani apate nafasi ya kupinga. Migodi na viwanda visichafue maji. Na wakazi wa kingo zote mbili wabaki na haki ya kupita na mitumbwi, kuvua, kukata majani ya mtoni na kuchota maji kama walivyozoea. Kifungu hiki cha mwisho ndicho pekee kinachowakumbuka watu, nacho kinawapa kile walichokuwa nacho siku zote. Vifungu vingine vinaeleweka zaidi ukikumbuka kwamba enzi hizo bati lilikuwa likichimbwa pande zote mbili za mto, na kuosha bati kunahitaji maji mengi.

Kagera si mto mdogo. Bonde lake lina takriban kilomita za mraba 60,000 zilizogawanyika katika Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda, na hakuna mto unaoingiza maji mengi zaidi katika Ziwa Victoria. Ruvubu inatoka Burundi, Nyabarongo inatoka Rwanda. Maji yao yakishakutana yanashuka maporomoko ya Rusumo, yanaelekea kaskazini kupitia mabwawa na vinamasi vya mafunjo kati ya Rwanda na Tanzania, kisha yanageuka mashariki kando ya Uganda, yanapita Kyaka na kuishia ziwani.

Wazungu waliokata mipaka waliuona mto huu kama mstari uliokwisha kuchorwa. Count von Götzen, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa vita vya Maji Maji, aliingia Rwanda mwaka 1894 kwa kuvuka hapo Rusumo. Baada ya Wajerumani kushindwa, makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliipa Uingereza kipande cha Gisaka, magharibi ya mto, kwa kuwa Waingereza walitaka njia ya reli. Mfalme Musinga wa Rwanda alilalamika, wamisionari wakamuunga mkono, na kipande hicho kikarudishwa Rwanda. Mwaka 1924, kwa itifaki iliyosainiwa Kigoma, mto ukawa mpaka tena.

Upande wa Uganda mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliufuata mstari wa latitudo ya digrii moja kusini ya ikweta, wakauacha mto ujiendee. Ndiyo maana kuna eneo la Tanzania lililo kaskazini ya Kagera, kati ya mto na mstari huo. Idi Amin alilitamani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia, siku chache baadaye akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Kilichofuata kila Mtanzania mwenye umri anakijua: Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni.

Baada ya uhuru, suala la maji lilipata sura mpya. Mwaka 1962 serikali ya Nyerere ilitamka kwamba Tanganyika haifungwi na makubaliano ya mwaka 1929, ambayo kwayo Uingereza iliiahidi Misri kwamba hakuna kitakachojengwa kwenye vyanzo vya Nile bila ridhaa ya Cairo. Kagera imo katika vyanzo hivyo. Msimamo ule ulifungua njia, kwani majirani hawawezi kukaa mezani kupanga matumizi ya mto ambao funguo zake ziko kwa mtu mwingine.

Meza yenyewe iliwekwa Rusumo tarehe 24 Agosti 1977. Rwanda, Burundi na Tanzania zilianzisha Shirika la Bonde la Mto Kagera, na makao makuu yakawa Kigali. Uganda ilijiunga Mei 1981, miaka miwili tu baada ya vita. Kwangu mimi hicho ndicho kitendo cha ujasiri kuliko vyote katika historia ya mto huu: nchi iliyotaka kuufanya mto mpaka kwa mizinga ilirudi kuomba kiti kwenye meza ya mto huohuo, na ikapewa.

Tatizo lilikuwa kazi zilizowekwa juu ya meza. Shirika lilipewa umeme, kilimo, mifugo, misitu, uvuvi, kutokomeza mbung'o, madini, utalii, biashara, barabara na reli. Ukiorodhesha wizara za nchi yoyote ya ukanda huu utaona kwamba karibu zote zilihamishiwa mtoni. Upembuzi yakinifu ulifuatana na upembuzi mwingine, ripoti zikajaa makabati, lakini bwawa la Rusumo lililokuwa moyo wa mpango halikuanza. Michango ya wanachama ilisuasua. Kila nchi ilikuwa na madeni yake na migogoro yake ya ndani, na wafadhili wa nje nao walikuwa na vipaumbele vyao.

Kisha ukaja mwaka 1994, na Kagera ikabeba kisichobebeka. Miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda iliteremka na mto hadi Ziwa Victoria. Maelfu waliopolewa ukingoni mwa ziwa upande wa Uganda na kuzikwa Kasensero, Lambu na Ggolo. Mwishoni mwa Aprili, ndani ya takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Shirika lenye makao Kigali, lililoundwa kusimamia mto, halikuwa na la kufanya. Lilidumu kwenye karatasi hadi mwaka 2004, lilipovunjwa rasmi.

Hapo ndipo historia inapopinda. Wazo la Rusumo halikufa pamoja na shirika. Lilichukuliwa na Mpango wa Bonde la Nile, uliozinduliwa Dar es Salaam Februari 1999, kupitia ofisi yake inayoshughulikia nchi za maziwa makuu. Safari hii halikuja na mbung'o wala reli. Zilibaki nchi tatu, maporomoko mamoja na mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 80. Iliundwa kampuni, Rusumo Power Company Limited, inayomilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Tanzania. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikagharimia njia za kusafirisha umeme, na ujenzi ukaanza mwaka 2017.

Mgao unastahili kuangaliwa kwa karibu. Maporomoko yapo kati ya Tanzania na Rwanda. Burundi haina hata jiwe moja pale, mpaka wake unaishia juu kidogo. Kwa hesabu ya kingo, isingepata kitu. Lakini Ruvubu inatoka kwake, na bila Ruvubu mitambo ingezunguka kwa taabu. Basi kila nchi ikapewa theluthi moja, takriban megawati 26.7, na kutoka Rusumo nyaya zikatandazwa pande tatu: Nyakanazi kwa Tanzania, Gitega kwa Burundi, Shango karibu na Kigali kwa Rwanda. Anayeleta maji akahesabiwa sawa na mwenye ukingo. Mkataba wa London haukufika huko.

Mpango huo ulilipa gharama pia. Michoro ya awali ilikuwa na bwawa kubwa ambalo lingepanda juu mtoni na kuzamisha mashamba. Baadaye likachaguliwa wazo dogo zaidi, la kuzungusha mitambo kwa maji yanayopita bila kuyahifadhi kwa wingi. Umeme unapungua kiangazi, lakini watu wengi zaidi walibaki kwenye ardhi yao. Naona ulikuwa uamuzi wa busara.

Daraja la Rusumo nalo lilifuata mkondo huohuo wa kazi moja iliyo wazi. Daraja jipya, lililojengwa kwa msaada wa Japani pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, lilizinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame Aprili 2016. Dereva wa lori la mizigo ya Kigali anakaguliwa mara moja badala ya mbili.

Lakini umeme na forodha si mto. Gugumaji, lililoonekana Ziwa Victoria kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, bado linashuka na Kagera kwa mafungu makubwa yanayoelea, na udongo wa milima ya Rwanda na Burundi unashuka nalo. Mvuvi wa Kasensero anayekuta nyavu zimezibwa na magugu hawezi kuishitaki kampuni ya umeme, kwa kuwa hilo haliko katika mkataba wake. Uganda, ambako maji yanaishia, haina hisa Rusumo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu ina mamlaka juu ya bonde zima la ziwa, nalo ni eneo kubwa mno kwa kushughulikia mto mmoja. Mkataba wa ushirikiano wa nchi za Nile uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, lakini nao unaangalia Nile yote.

Kwa hiyo Kagera leo ina kampuni ya umeme wake na ina kituo cha forodha kwenye daraja lake, ila tangu 2004 haina chombo chake cha kusimamia maji yenyewe. Serikali nne zilikwisha kukubaliana mara moja kukaa pamoja, hata moja ikitokea vitani na nyingine. Zikae tena, na safari hii zianze na jambo dogo linalopimika: tope na gugumaji, nani ayaondoe na kwa gharama ya nani.