Kidimbwi cha Guka hakikufa kwa sababu ya uvivu

Kila nikipost picha ya tilapia, lazima mtu aulize: "Hao si ndio wa homoni? Si tutageuka?" Sawa, leo najibu. Lakini lazima tuanze na historia, maana bila hiyo swali lenyewe tunaliuliza vibaya.

Hapa Nyeri samaki hakuwa chakula. Wazee wetu hawakumla kabisa. Mwaka 1905 walowezi walileta trauti kutoka Scotland, wakawaweka kwenye mto Gura kule Aberdare, ili wapate burudani ya kuvua. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikajenga vituo viwili: Kiganjo kwa trauti wa maji baridi, na Sagana, kule chini kwenye joto, kwa samaki kama tilapia. Miaka ya 60 ikaja kampeni ya kuhimiza watu wale samaki zaidi, na wakulima wakachimba vidimbwi. Guka wangu alikuwa mmoja wao.

Cucu anasema mwaka wa kwanza walifurahi. Mwaka wa pili kidimbwi kilijaa samaki wa saizi ya kidole. Wa tatu, Guka akapanda nduma pale pale. Majirani wakacheka: "Mkikuyu na samaki, wapi na wapi!" Hiyo stori nimeisikia maisha yangu yote, na nasema leo: Guka alisingiziwa.

Shida ilikuwa uzazi. Tilapia anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne tu, kabla hajafikia saizi ya sahani. Jike anabeba mayai mdomoni, na akiyabeba hali vizuri, kwa hivyo hakui. Watoto nao wanagombania chakula kile kile. Dume hana hiyo kazi, anakua haraka zaidi. Yaani ukiweka dume na jike pamoja bila mpango, unafuga njaa.

Dunia nzima ilikuwa inatafuta dawa ya hiyo shida. Mwaka 1953 Yamamoto, mtafiti wa Japani, alionyesha kwamba homoni inaweza kugeuza samaki mdogo aitwaye medaka kutoka dume kuwa jike. Mwaka 1960 Hickling, aliyekuwa Malacca, akaripoti kwamba dume wa tilapia kutoka Zanzibar akipandishwa na jike wa tilapia wa Msumbiji, watoto wote wanatoka madume. Samaki wa kwetu huyo! Baadaye njia ya homoni ndiyo ikashinda, kwa sababu ni rahisi.

Inafanyika hivi. Chewa wa baharini wengi huanza maisha wakiwa jike, halafu wakikua wanageuka dume wenyewe. Tilapia hafanyi hivyo. Lakini siku chache baada ya kutoka mdomoni mwa mama, viungo vyake vya uzazi bado havijaamua. Hapo unampa chakula chenye metilitestosteroni, kama miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula, kwa wiki tatu au nne. Karibu wote wanakuwa madume. Halafu homoni inasimamishwa.

Kwa hivyo, kujibu swali: samaki unayemkaanga alikula homoni akiwa mdogo kuliko ukucha wako. Baadaye amekaa miezi sita au zaidi bila kuiona tena, na mwili wake uliitoa ndani ya siku chache. Hutageuka, kaka.

Mwenye haki ya kuogopa ni mwingine. Niliwahi kumwona kijana wa rika langu kwenye kituo kimoja akichanganya hicho chakula kwa mikono mitupu, bila glavu wala barakoa, na maji yakimwagwa mtaroni yaende mtoni. Hakuna aliyemwambia anashika nini. Hiyo ndiyo inafaa kutukasirisha.

Mwaka 2009 serikali ilikuja na vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Vingi vya huku leo ni nyasi, na watu wamerudia wimbo wa majirani wa Guka. Mimi ningeuliza kwanza: mliletewa vifaranga gani?

Na kuna njia nyingine. Wafugaji wa trauti nchi nyingi wanataka majike, kwa sababu dume anakomaa mapema na nyama inaharibika. Wanachofanya ni kumpa homoni jike atakayekuwa mzazi, anakuwa dume wa kutoa mbegu za kike tu. Watoto wake, wale wanaoliwa, hawaonji homoni kamwe. Kwa tilapia pia inawezekana kuzalisha madume ambao watoto wao karibu wote ni madume. Ufilipino walishafanya hivyo miaka ya 90.

Inachukua muda na uvumilivu, lakini Sagana na Kiganjo zipo tangu 1948. Tuanze kudai hiyo. Nduma za Guka zilikuwa tamu, sikatai, lakini mzee alitaka samaki.

Kwenu kulikuwa na kidimbwi? Nani alilaumiwa kilipokufa?