Mlango wa Klabu na Mizani ya Sheria

Mwaka 1969, mzaliwa mmoja wa India aliomba uanachama katika klabu ya wafuasi wa chama cha Conservative huko East Ham, London. Mwenyekiti alikiri kwamba rangi ya mwombaji ilizingatiwa. Kwa kura yake ya uamuzi, ombi likakataliwa. Sheria ya mwaka 1968 ilikataza ubaguzi katika huduma zitolewazo kwa umma. Hata hivyo, mwaka 1973 majaji wa House of Lords waliamua kwamba klabu inayowachuja wanachama wake kwa dhati haiuhudumii umma. Mwaka 1976 Bunge liliziba pengo hilo: klabu zenye wanachama 25 au zaidi zikakatazwa kubagua. Vyama vya jamii mahsusi viliruhusiwa kubaki, ila visitumie rangi kuwa kigezo. Kwetu sisi wenye vyama vyetu, funzo li wazi: kukusanyika na wenzetu ni haki, kumdhalilisha jirani mlangoni si haki.