Tume Isiyoshtaki: Uchunguzi wa Jinai baada ya Ombaci, 1981
Katika mfumo wa shirikisho wa Marekani, baraza la raia 16 hadi 23 huchunguza tuhuma faraghani, na kwa kura 12 humfungulia mtu mashtaka. Uganda haikurithi chombo hicho. Wapiganaji walipoivamia Koboko Oktoba 1980, jeshi lililipiza kisasi kwa raia. Juni 1981 wanajeshi waliwaua watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyoundwa 1986 kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu tangu 1962, ilitoa ripoti 1994. Iliweza kuwaita mashahidi na kupendekeza; kushtaki kulibaki kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo neno “tume” lilipopotosha: shahidi alijifichua hadharani mbele ya wasikilizaji wasioweza kumshtaki yeyote.