Pikapu ya haibridi mlimani: Magurudumu ya mbele au yote manne?

MKULIMA au mfanyabiashara wa Kianjokoma anayenuia kununua pikapu hukabiliwa leo na swali ambalo wazazi wake hawakulijua. Zamani uamuzi ulikuwa mwepesi: ama achukue pikapu ya kawaida inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ama ile ya magurudumu manne ambayo wengi huiita fobaifo. Sasa yamezuka magari ya haibridi, yaani yanayotumia injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja, na mengi ya magari hayo huvutwa na magurudumu ya mbele pekee. Je, gari la namna hiyo litaumudu mlima?

Swali hilo si la anasa. Kianjokoma iko katika Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika ukanda wa majani chai na kahawa. Barabara ya lami huunganisha soko hilo na mji wa Embu, lakini mashamba mengi yako kando ya njia za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka katika mabonde ya mito itokayo mlimani. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, udongo huo hulainika na kuteleza. Gari likikwama bondeni maziwa huganda, ndizi hukosa mnunuzi, na mbolea iliyosubiriwa mwezi mzima hulowa maji.

Makala haya yanaeleza tofauti za mifumo hiyo, jinsi inavyofanya kazi mlimani, na mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa pesa.

AINA TATU ZA MWENDO

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hubeba injini na giaboksi yake mbele, na nguvu yote huishia hapo hapo. Halina shafti ndefu ya kupita chini ya bodi, kwa hivyo huwa jepesi na la bei nafuu.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hupeleka nguvu kwenye difu ya nyuma kwa shafti. Pikapu nyingi zilizozoeleka nchini, kama vile Toyota Hilux na Isuzu D-Max zisizo za magurudumu manne, ni za aina hii. Hata Peugeot 404 na 504, ambazo wazee wa mlimani wangali wanazisifu, zilisukumwa kwa nyuma.

Aina ya tatu ni ile inayoendeshwa na magurudumu yote manne. Hapa pia pana matawi mawili. Katika pikapu za kazi, dereva mwenyewe huchagua lini magurudumu ya mbele yashirikishwe, na kwa kawaida kuna gia nzito ya ziada ya kupandia mlima polepole. Mfumo huo haufai kutumiwa kwenye lami kavu, kwani magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa gari linapokata kona, na vyuma huumia. Katika magari mengine, kompyuta ndiyo inayogawa nguvu kila mara bila dereva kugusa chochote. Mengi ya haya hayana gia nzito, lakini hutumika kwenye barabara yoyote.

HESABU YA KUPANDA MLIMA

Watu wengi huamini kwamba gari hukwama kwa kukosa nguvu. Kwa kweli, mara nyingi hukwama kwa kukosa mshiko. Gurudumu haliwezi kusukuma kuliko linavyoshika ardhi, na mshiko huo hutegemea mambo mawili: hali ya ardhi na uzito unaolikandamiza gurudumu lenyewe.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pikapu tupu ina uzito wa kilo 1,600, na asilimia 60 ya uzito huo, yaani kilo 960, huegemea magurudumu ya mbele. Urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Inapanda mlima unaoinuka mita 15 kwa kila mita 100, kwenye matope ambayo gurudumu hushika kwa asilimia 40 tu ya uzito ulio juu yake. Matope yenyewe hukinza mwendo kwa kilo 5 hivi kwa kila kilo 100 za gari.

Gari likiwa tupu, huhitaji msukumo wa takriban kilo 317 ili lipande. Magurudumu ya mbele yana uwezo wa kushika takriban kilo 354, kwa hivyo gari la kuvutwa kwa mbele litapanda. Magurudumu ya nyuma yatashika takriban kilo 278 pekee. Gari la kusukumwa kwa nyuma litabaki likirusha matope. Hii ndiyo sababu madereva wa pikapu za kawaida huweka mawe au magunia ya mchanga nyuma mvua inaponyesha.

Sasa pakia kilo 600 za mbolea juu ya ekseli ya nyuma. Mambo hugeuka kabisa. Msukumo unaohitajika hupanda hadi kilo 436 hivi. Mzigo haukuongeza chochote kwenye magurudumu ya mbele, na mlima wenyewe huzidi kuurudisha uzito nyuma. Magurudumu ya mbele hushika takriban kilo 345, na gari hukwama. Ya nyuma hushika takriban kilo 526, na gari hupanda. Yakitumika yote manne, uwezo hufika takriban kilo 870, karibu maradufu ya kinachohitajika.

Funzo la hesabu hiyo ni wazi. Gari la kuvutwa kwa mbele ni zuri likiwa tupu au na mzigo mdogo, na hudhoofika kadiri mzigo unavyoongezeka nyuma. Anayetoka shambani bondeni akiwa amejaza gari hupanda mlima wakati ule ule ambao gari lake limedhoofika zaidi. Anayepeleka mzigo bondeni na kurudi mtupu, kwa mfano mwenye duka la pembejeo, huwa katika hali nafuu.

HAIBRIDI HUBADILISHA NINI?

Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na kompyuta huidhibiti kwa wepesi. Kwa sababu hiyo gari la haibridi huweza kuondoka taratibu kwenye utelezi bila kurusha matope. Hata hivyo, umeme hauongezi uzito juu ya gurudumu wala haubadilishi udongo. Kanuni ya mshiko inabaki ile ile.

Katika magari ya haibridi ya magurudumu manne, mnunuzi anapaswa kuuliza nguvu hufikaje nyuma. Baadhi, kama pikapu ya Ford Maverick, hutumia shafti ya chuma kutoka mbele. Mengine hayana shafti. Huwa na mota ya pekee kwenye ekseli ya nyuma. Toyota huuita mfumo wake wa aina hiyo E-Four.

Si mota zote za nyuma zinazolingana. Katika Toyota Prius iliyotoka mwaka 2015, mota ya nyuma ilikuwa na kilowati 5.3 tu, ilhali katika RAV4 ya haibridi iliyofuata ni kilowati 40. Ya kwanza iliundwa ili kumsaidia dereva wa Japani kuondoka kwenye theluji. Haikukusudiwa kusukuma magunia kilomita nzima ya matope. Maandishi ya “4WD” kwenye mlango wa nyuma hayatoshi kuwa ushahidi.

MAGARI YENYEWE

Maverick ndiyo pikapu iliyolileta swali hili kwa umma wa Marekani. Ilipoanza kuuzwa mwaka 2021, toleo la haibridi lilikuwa la kuvutwa kwa mbele pekee. Aliyetaka magurudumu manne alilazimika kuchukua injini ya petroli isiyo na umeme. Ni katika toleo la mwaka 2025 ambapo haibridi ya magurudumu manne ilipatikana. Lakini gari hilo lina usukani upande wa kushoto, na sheria za Kenya haziruhusu magari ya aina hiyo kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida. Aidha, Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) huzuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8.

Kwa hivyo, mkazi wa Kianjokoma hulikuta swali hilo katika sura nyingine. Toyota Probox, ingawa si pikapu, hufanya kazi za pikapu katika eneo zima la Mlima Kenya, kuanzia maziwa hadi muguka wa Mbeere. Probox ya petroli hupatikana ikiwa ya kuvutwa kwa mbele au ya magurudumu manne. Ile ya haibridi, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2018, huvutwa kwa mbele pekee. Hali ni hiyo hiyo kwa Toyota Fielder ya haibridi iliyotoka mwaka 2013. Mnunuzi hulazimika kuchagua kati ya kuokoa mafuta na kupata magurudumu manne. Hawezi kuvipata vyote viwili katika gari moja la aina hiyo.

Kwa wenye uwezo zaidi, Hilux ya dizeli yenye msaada wa umeme wa volti 48 iliingia katika masoko kadhaa, yakiwemo ya Afrika Kusini na Ulaya, mwaka 2024. Umeme wake ni msaada mdogo kwa injini, na gari hubaki kuwa pikapu ya kazi. BYD ya Uchina nayo ilizindua pikapu ya Shark mwaka 2024, yenye mota mbele na nyuma na betri ya kuchajiwa kwa waya. Yenye usukani wa kulia imeuzwa Australia na Afrika Kusini.

GHARAMA

Wengi huhofia kwamba magurudumu manne yatakula mafuta. Katika haibridi za kisasa tofauti ni ndogo. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Maverick ya haibridi ya mwaka 2025 hutumia takriban lita 6.2 kwa kilomita 100 ikiwa ya kuvutwa kwa mbele, na takriban lita 6.4 ikiwa ya magurudumu manne. Kwa mwendo wa kilomita 20,000 kwa mwaka, tofauti hiyo haifiki lita 50.

Gharama halisi iko kwingine: bei ya kununua, mafuta ya difu ya ziada, na vipuri vingi zaidi vya kuchakaa. Matairi pia huhitaji nidhamu. Gari ambalo magurudumu yake manne hushirikiana kila mara linafaa kuwa na matairi manne ya ukubwa mmoja na yaliyochakaa kwa kiasi kinachokaribiana. Kuweka tairi moja jipya na kuacha matatu yaliyoisha kunaweza kuharibu difu.

Haibridi nayo ina masharti yake, iwe ya mbele au ya yote manne. Betri kubwa hupozwa kwa hewa katika magari mengi ya Toyota, na tundu la hewa huwa karibu na kiti cha nyuma. Gunia likiziba tundu hilo, au vumbi la kiangazi likijaa kwenye feni, betri hupata joto na kufa mapema. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme wa kuua. Zisiguswe na fundi asiyefunzwa kazi hiyo.

KUSHUKA NI KWINGINE

Kosa kubwa la wenye magari ya magurudumu manne ni kudhani kwamba gari linalopanda vizuri litashuka vizuri. Kila gari, liwe la aina gani, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Mfumo wa magurudumu manne haufupishi umbali wa kusimama, wala hauzuii gari lililokwisha kushika kasi kuteleza kwenye kona.

Haibridi hupunguza mwendo kwa kuigeuza mota kuwa jenereta na kuijaza betri. Kwenye mteremko mrefu betri hujaa, na msaada huo hupungua. Dereva anapaswa kutumia gia iliyoandikwa B, ambayo huifanya injini ilizuie gari, kabla hajaanza kushuka na wala si baada ya breki kunuka.

UAMUZI

Kabla ya kulinganisha bei, mnunuzi ajiulize maswali manne. Mzigo wake hupanda mlima au hushuka? Ni siku ngapi kwa mwaka ambazo njia ya kwake haipitiki? Akikwama, atapoteza nini? Na je, kuna fundi wa haibridi karibu?

Anayeishi kando ya lami, na ambaye mzigo wake hauzidi takriban kilo 400 ambazo Probox iliundiwa kubeba na watu wawili, hana sababu ya kulipia magurudumu manne. Haibridi ya kuvutwa kwa mbele, yenye matairi mazuri ya matope, itamtosha, na akiba ya mafuta itaonekana. Mvua ikizidi, minyororo ya tairi, ambayo hufungwa kwenye magurudumu yanayoendesha gari, ni nafuu kuliko difu ya pili.

Anayepandisha mzigo mzito kutoka bondeni asishawishiwe na jina la haibridi. Pikapu ya magurudumu manne yenye gia nzito, hata ikiwa ya dizeli isiyo na umeme, itamfaa zaidi. Anayetaka vyote viwili ahakikishe kwamba mfumo wa nyuma una nguvu za kweli, na alijaribu gari likiwa limepakiwa, kwenye njia ya shambani kwake, siku ya mvua. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali.